Kufunga kituo cha kamera ya vimondo hadi kitoe vipimo vinavyokubalika: mwongozo kamili

Maswali yanayonifikia kuhusu kamera za vimondo yanafanana. Mtu amenunua kamera nzuri, ameifunga juu ya paa, nyota zinaonekana na vimondo kadhaa vimenaswa. Miezi inapita, lakini data zake hazijasaidia kukokotoa obiti hata moja, yaani njia ambayo kimondo kilikuwa kikilizunguka jua. Mara nyingi kifaa hakina ubovu. Tatizo ni kwamba kituo kimefungwa kwa mazoea ya kamera ya ulinzi, ambako picha ikionekana kazi imekwisha. Kituo cha vimondo ni chombo cha kupimia. Ni lazima kijue kiko wapi, ni saa ngapi, na kila nukta ya picha inatazama upande gani wa anga.

Mwongozo huu ni wa mfumo wa Global Meteor Network, mtandao wa watu wa kujitolea wenye kamera zaidi ya elfu moja duniani, unaotumia programu huria iitwayo RMS. Nimeuchagua kwa sababu vifaa vyake si ghali, programu ni ya bure, na matokeo yake yako wazi kwa kila mtu. Tarehe 16 Julai 2011 jiwe la angani lilianguka karibu na Thika, Kenya. Watu walisikia mshindo na vipande vikaokotwa, lakini obiti ya jiwe kama lile haipatikani bila kamera zilizopimwa vizuri. Ukanda wetu una anga kubwa isiyotazamwa na mtu, na ndiyo maana kituo kimoja kilichofungwa sawasawa huku kina thamani kubwa.

## Vifaa vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi 4 au 5, pamoja na chaja yake halisi. Chaja ya simu haitoshi.
- Kadi ya kumbukumbu ya GB 128 kutoka duka unaloliamini. Kadi bandia zimejaa sokoni na huharibika ndani ya wiki chache.
- Kamera ya IP (bodi tupu) yenye sensa ya Sony IMX291 au IMX307, isiyo na taa za infraredi.
- Lenzi ya milimita 3.6 isiyo na kichujio cha infraredi. Inaona takriban digrii 88 kwa upana na 48 kwa kimo.
- Kasha la kamera la nje lenye kioo safi, silikoni, na vifuko vya kunyonya unyevu.
- Waya wa mtandao wa Cat6 wa matumizi ya nje, wenye shaba tupu. Muulize muuzaji kwa msisitizo, maana waya mwingi wa bei nafuu ni alumini iliyopakwa shaba, na kamera hukosa nguvu waya ukiwa mrefu.
- Kifaa cha PoE, yaani kile kinachopitisha umeme na data katika waya mmoja.
- UPS ndogo, au betri na sola.
- Feni na vipozajoto vya Raspberry Pi.
- Betri ya saa ya ndani. Pi 5 ina sehemu yake ya kuichomeka. Kwa Pi 4 nunua bodi ndogo ya saa.

Intaneti si lazima iwe ya kasi. Kituo hakitumi video ya usiku kucha, bali kinatuma vipande vyenye vimondo na takwimu za nyota. Tenga nafasi ya makumi ya megabaiti hadi mamia kadhaa kwa usiku mmoja, kutegemea mawingu na msimu.

## Hatua ya 1: Chagua mahali na mwelekeo

Panda juu ya paa usiku, si mchana. Angalia taa za mtaa, mlingoti wa simu na mti wa jirani utakaokua. Kamera isitazame taa moja kwa moja. Ukingo wa chini wa picha uwe juu ya mapaa na minazi, karibu digrii 20 kutoka upeo wa macho.

Sasa fikiria jua. Miongozo mingi imeandikwa kwa ajili ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako jua la mchana huwa upande wa kusini mwaka mzima. Huku kwetu jua hupita upande wa kaskazini sehemu moja ya mwaka, na upande wa kusini sehemu nyingine. Kwa hiyo fanya hesabu yako mwenyewe.

Chukua Dar es Salaam, latitudo digrii 6.8 kusini. Jua likisogea kusini kabisa, mwezi Desemba, mchana linafika kimo cha digrii 73 hivi upande wa kusini. Kamera inayotazama kusini, kitovu chake kikiwa digrii 45, inaishia juu kwenye digrii 69. Jua la adhuhuri halimo. Ukiigeuza kaskazini, jua la Juni linapita kwenye kimo cha digrii 60 na linaingia kwenye picha kila mchana. Kwa Dar, basi, kusini ni bora zaidi. Mkazi wa kaskazini ya ikweta afanye hesabu hiyohiyo kwa kugeuza pande.

Mashariki na magharibi jua huingia kwenye picha asubuhi au jioni. Haliiui kamera siku hiyohiyo, madhara yake ni ya polepole, lakini kama una hiari usichague upande huo.

Usifunge kamera ikaona dirisha au ua wa mtu. Kenya ina sheria ya ulinzi wa data ya mwaka 2019 na Tanzania ina ya mwaka 2022. Na hata bila sheria, jirani anayeona kamera juu ya paa lako anastahili kuelezwa inatazama nini. Mwonyeshe picha moja ya kimondo. Kwa kawaida mazungumzo huishia hapo kwa furaha.

Umefaulu ikiwa: unaweza kutaja kwa digrii kamera itatazama wapi, na unajua jua litapita wapi Juni na Desemba.

## Hatua ya 2: Tafuta mwenzako

Hatua hii inarukwa kuliko zote, na bila hiyo hakuna obiti. Kamera moja inaona mstari tu angani. Haiwezi kujua kama kimondo kilikuwa umbali wa kilomita 90 au 150. Kamera ya pili, kilomita 50 hadi 200 kutoka kwako, ikiangalia sehemu ileile ya anga, ndiyo inayotoa kimo, kasi na njia.

Vimondo vingi huwaka kati ya kilomita 80 na 120 juu. Chukua 100. Kamera ya Dar inayotazama kusini kwa digrii 45 kitovu chake kipo kilomita 100 kusini, yaani juu ya delta ya Rufiji. Mwenzako akiwa Morogoro, ataielekeza yake kusini-mashariki ili ifike juu ya delta hiyohiyo, na mistari yenu miwili itakatana kwa pembe nzuri, takriban digrii 50. Akiwa Unguja mjini na kutazama kusini kama wewe, anga ni ileile, ila mistari inakaribia kulala sambamba na kipimo kinalegea. Umbali peke yake hautoshi. Angalia na pembe.

Kama bado huna mwenzako, anza tu. Lakini elekeza kamera mahali ambapo mtu wa mji mwingine ataweza kuungana nawe.

## Hatua ya 3: Andaa kompyuta na uisajili

Pakua nakala kamili ya mfumo wa RMS, iandike kwenye kadi, kisha washa. Raspberry Pi ikae ndani ya nyumba, mahali penye hewa. Juu ya dari chini ya bati, mchana, joto litaiua.

Waya wa kamera uunganishe moja kwa moja na Pi kupitia PoE, kisha Pi ipate intaneti kwa Wi-Fi. Usichomeke kamera kwenye ruta ya nyumbani. Kamera hizi za bei nafuu zina ulinzi hafifu, na zikifikiwa kutoka nje zinavamiwa kirahisi. Zikiwa nyuma ya Pi haziwezi kufikiwa.

Kisha wasiliana na waratibu wa mtandao. Watakupa namba ya kituo inayoanza na herufi za nchi, TZ kwa Tanzania au KE kwa Kenya, na wewe utawatumia ufunguo wa wazi wa kompyuta yako ili seva ikupokee. Ufunguo wa siri usimtumie mtu yeyote.

Sasa fungua faili la `.config` ujaze `stationID`, `latitude`, `longitude` na `elevation`. Hapa ndipo vituo vya kwetu vinapoharibikia zaidi:

Alama ya kutoa. Latitudo ya kusini ya ikweta inaandikwa kwa alama ya kutoa. Dar ni -6.8. Ukisahau alama hiyo, programu itaamini kituo chako kiko Ethiopia, na nyota zote zitakataa kulingana. Kenya imekatwa na ikweta katikati: Nairobi ni hasi, Eldoret ni chanya. Longitudo yetu, mashariki ya Greenwich, ni chanya.

Desimali. Simama penye kamera yenyewe na uandike tarakimu tano baada ya nukta. Hiyo ni sawa na mita moja hivi.

Kimo. Kinatakiwa kimo kutoka usawa wa bahari. Baadhi ya simu hutoa kimo cha umbo la kihesabu la dunia, na pwani yetu tofauti hufikia makumi ya mita. Simu ikikuambia ufukwe uko chini ya bahari, usiiamini. Tumia ramani yenye mistari ya kimo.

Umefaulu ikiwa: ukiandika `python -m Utils.ShowLiveStream` unaona picha hai ya kamera bila kukatika.

## Hatua ya 4: Saa

Kituo kinafanya kazi kwa saa ya UTC, iliyo nyuma ya saa yetu ya Afrika Mashariki kwa saa 3. Usibadilishe. Usijaribu kuirekebisha ili "ilingane" na ya ukutani.

Jizoeze kusoma jina la faili, kwa mfano:

`FF_TZ000A_20250814_183022_512_0000256.fits`

Namba ya kituo, tarehe, kisha saa 18:30:22 UTC na milisekunde 512. Kwa saa za Afrika Mashariki ni 21:30, yaani saa tatu na nusu usiku. Na kumbuka tarehe: kimondo ulichokiona saa nane usiku wa kuamkia tarehe 15 kitakuwa kwenye faili la tarehe 14, kwa sababu UTC bado haijavuka.

Dunia inazunguka digrii robo kwa dakika moja. Saa yako ikikosea dakika moja, kimondo kilicho umbali wa kilomita 140 kitawekwa zaidi ya nusu kilomita kutoka mahali pake, na huenda mfumo usikioanishe kabisa na cha mwenzako. Umeme ukikatika na intaneti ikiwa imezima, Pi isiyo na betri ya saa huamka ikiwa na saa ya zamani. Ndiyo sababu nimeiweka betri hiyo kwenye orodha ya lazima.

Umefaulu ikiwa: amri ya `timedatectl` inaonyesha kwamba saa imeoanishwa, na inabaki sahihi baada ya kuzima na kuwasha.

## Hatua ya 5: Fokasi

Usiweke fokasi mchana. Lenzi isiyo na kichujio hupokea mwanga wa infraredi pia, na mwanga huo hukusanyika mahali tofauti kidogo na ule unaouona kwa macho. Mnazi uliokaa wazi kabisa saa kumi jioni hauhakikishi kwamba nyota zitakaa wazi saa tatu usiku.

Fanya hivi. Subiri usiku usio na mwezi wala mawingu. Fungua picha hai kwenye skrini kubwa. Tafuta nyota ya wastani, si ile inayong'aa kuliko zote, kwa sababu nyota kali huonekana nene hata fokasi ikiwa sawa. Zungusha lenzi kidogo sana, kiasi cha upana wa ukucha, kisha ondoa mkono na usubiri picha itulie. Endelea mpaka nyota iwe ndogo, halafu ipite kidogo, halafu rudi. Ukirudi unajua kilele kilikuwa wapi.

Kipimo cha kweli ni nyota hafifu. Fokasi ikikaribia, nyota ambazo hazikuwepo zinaanza kuchomoza katikati ya zile ulizozijua. Pale zinapokuwa nyingi kuliko wakati wowote, acha. Kagua na pembe nne za picha; zikiwa mbovu kidogo ni kawaida ya lenzi hizi, lakini upande mmoja ukiwa mbovu na mwingine mzuri, lenzi imekaa upande.

Kaza pete ya kufungia, kisha tia tone la rangi ya kucha kwenye uzi wa lenzi ili isilegee. Angalia tena baada ya kukaza, maana kukaza kwenyewe husogeza.

Katika mipangilio ya kamera, zima kila kitu cha kujirekebisha chenyewe. Rangi zizimwe, fremu ziwe 25 kwa sekunde, na kila fremu ipokee mwanga kwa milisekunde 40, muda wake wote. Kamera inayojibadilishia mwanga yenyewe haiwezi kupima ung'avu wa kitu.

## Hatua ya 6: Funga kasha nje

Siku ya kufunga kasha iwe kavu, asubuhi ya kiangazi kama inawezekana. Unyevu utakaoufungia ndani utakaa ndani. Weka vifuko vya kunyonya unyevu, paka silikoni kwenye viungo, na uache waya uning'inie kidogo chini ya tundu kabla ya kuingia, ili maji ya mvua yadondoke hapo badala ya kufuata waya hadi kwenye bodi.

Kifungio kiwe imara kuliko unavyodhani inahitajika. Kamera ikisogea nusu digrii kwa upepo wa kusi, upimaji wote wa hatua inayofuata unakuwa kazi bure. Usifunge kwenye bati peke yake, bali kwenye ukuta au mlingoti wa chuma uliochimbiwa.

Pwani, chumvi hutanda kwenye kioo. Bara, shida ni vumbi, na ukanda wa Ziwa Victoria radi ni nyingi: mlingoti uwe na waya wa kushuka ardhini, na weka kinga ya radi kwenye waya wa mtandao kabla haujaingia nyumbani. Buibui wako kila mahali. Kutokuwa na taa za infraredi kunasaidia, kwa sababu wadudu hawavutwi na kioo.

Kwa umeme, kituo kizima hutumia wati 10 hivi. Kwa saa 24 hiyo ni takriban wati-saa 240. Betri ya asidi ya volti 12 na ampea-saa 50 inafaa ikiwa hutaishusha chini ya nusu. Umeme unaokatika ghafla huharibu kadi ya kumbukumbu, kwa hiyo hata UPS ya dakika 20 inaokoa mengi.

## Hatua ya 7: Kupima anga kwa nyota

Hapa kamera inageuka kuwa kipimo. Acha kituo kirekodi usiku mmoja mzuri, kisha fungua programu ya SkyFit2 na uchague faili lenye nyota nyingi. Kazi yako ni kuiambia kila nyota kwenye picha ni ipi kwenye orodha ya nyota.

Anza na nyota usizoweza kuzikosea. Kwa kamera inayotazama kusini kutoka Dar, Msalaba wa Kusini ukiwa umesimama hufika kimo cha digrii 37 hivi, na pembeni yake nyota mbili kali za kundi la Sentauri zinaufuata. Usipolinganisha hata nyota moja, simama: tatizo ni latitudo, saa, au picha iliyopinduliwa. Usilazimishe.

Nyota za kwanza zikikubali, ongeza. Lenga 40 na zaidi, na zisambaze. Kosa la kawaida ni kuchagua nyota za katikati ambazo ni rahisi na kuziacha pembe, wakati pembe ndiko lenzi inakopinda. Kimondo hakichagui kupita katikati.

Nukta moja ya picha kwa lenzi hii ni takriban dakika 4 za tao (dakika moja ya tao ni sehemu ya 60 ya digrii). Tofauti ya wastani kati ya nyota ulizoziweka na orodha iwe chini ya robo tatu ya nukta ukiwa bado unajifunza, na robo nukta ukimaliza, yaani dakika moja ya tao. Nyota moja ikiwa na mshale mrefu wa tofauti, huenda umechagua jirani yake. Ifute, usiirekebishe kwa nguvu.

Kisha tengeneza faili la kinga, `mask.bmp`: paka nyeusi mapaa, miti na taa, anga ibaki nyeupe. Bila kinga, majani yanayotikiswa na upepo yatahesabiwa kama nyota.

Umefaulu ikiwa: ukifungua faili la usiku mwingine, saa tofauti, nyota za orodha zinakaa juu ya nyota za picha hadi kwenye pembe, bila wewe kugusa kitu.

## Hatua ya 8: Ukaguzi wa asubuhi

Karibu na ikweta kituo hurekodi takriban saa 11 kila usiku, mwaka mzima. Kila faili ni fremu 256, sekunde 10.24. Basi usiku kamili unapaswa kuwa na mafaili karibu 3,900. Ukikuta 2,500, kuna fremu zinapotea: kagua waya, PoE na joto la Pi, kwa mpangilio huo.

Jifunze kutofautisha vitu. Ndege huwaka na kuzimika kwa mapigo. Setilaiti huvuka taratibu kupitia mafaili kadhaa yanayofuatana. Kimondo kwa kawaida kinaanza na kuisha ndani ya faili moja, mara nyingi chini ya sekunde moja. Kipande cha roketi kinachorudi duniani ni kirefu, cha polepole, na mara nyingi kimegawanyika.

Usihukumu kituo kwa usiku mmoja wa kawaida. Usiku wa tarehe 13 kuamkia 14 Desemba, wakati wa vimondo vya Jeminidi, ndio mtihani mzuri kama mvua za vuli zimekupa nafasi. Mapema Mei, kabla ya alfajiri, vimondo vya Eta Akwaridi vinaonekana vizuri zaidi huku kwetu kuliko Ulaya.

## Kila mwezi, na siku ya kimondo kikubwa

Futa kioo kwa maji safi na kitambaa laini, bila kuigusa kamera isogee. Fungua SkyFit2, linganisha na picha mpya. Ikiwa imesogea, rudia hatua ya 7 siku hiyohiyo.

Watu wakianza kupiga simu kwamba wameona moto mkubwa angani, usisubiri kituo kitume chenyewe. Faili moja la picha ni karibu MB 3.7, usiku mzima unafika GB 14 hivi, na kadi ikijaa programu inafuta usiku wa zamani ili ipate nafasi. Kinachopakiwa kwenye seva ni vile vilivyotambuliwa tu, na kimondo kikali sana chenye kung'arisha picha nzima wakati mwingine hakitambuliwi. Kwa hiyo nenda kwenye folda ya `CapturedFiles`, nakili mafaili yote ya dakika tano kabla na tano baada kwenye flashi, pamoja na faili la upimaji na `.config`, ndipo umjulishe mwenzako afanye vivyo hivyo kabla usiku wake haujafutwa.